Jumamosi Isiyo na Jumapili

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mabati ya laini yetu ya nyumba za wafanyakazi, Elmina alikuwa anautoa ufito wake juu ya misumari miwili ya mlangoni, anaupangusa kwa pindo la leso, kisha anaugonga mara tatu kwenye mwimo ili siafu waanguke. Wachunaji huulaza ufito kama huo juu ya chai ndio wajue mkono uishie wapi, wasishuke wakachuna majani magumu. Wengine huokota ufito wowote. Wa Elmina ulikuwa mmoja tu, mweusi kwa mikono yake, na hata kuku akiurukia alifukuzwa kama mwizi.

Akishaugonga, aliita kupitia ua:

“Shemeji! Sizoni imefika wapi?”

Baba yangu, Calvince, wakati huo huwa nje anapiga mswaki. Alimjibu na povu mdomoni. “Imebaki siku sitini na mbili, shemeji. Kimbia, chai inakuita.”

“Iite wewe, una sauti ya dume la bata.”

Kesho yake ingekuwa sitini na moja. Elmina aliijua hesabu hiyo kuliko baba, lakini nafikiri alipenda kuisikia ikitoka kwa mtu mwingine. Sisi ni Wajaluo, yeye Mkisii, na tuko ndani ya shamba la chai upande wa Kaplong, kwa hivyo utani ulikuwa hauishiwi mahali pa kushika.

Hilo neno sizoni, kila mtu pale kwa laini alikuwa na lake. Zack, pacha wangu, aliyenitangulia kwa dakika chache na hajawahi kuacha kunikumbusha, sizoni yake ni mpira: mechi zimebaki ngapi, timu yake ni ya ngapi. Siku nyingine ni zile filamu za kwa simu. “Niko sizoni ya tatu, msinisumbue,” na hapo ujue hatachota maji. Mama yangu, Jerusa, anauza nyanya sokoni, na kwake sizoni ni balaa, kwa sababu ndio wakati kila mtu ana nyanya na zake zinaoza. Wakipsigis wenye mashamba madogo ng'ambo ya mto wakisema sizoni wanamaanisha mahindi. Kiwandani anakofanya kazi baba kuna ya juu na ya chini: ile ya juu, majani yanakuja mpaka mashine hazizimwi, ile ya chini, baada ya kiangazi au mvua ya mawe, wanaume wazima wanafagia sakafu iliyo safi.

Mimi niliishia darasa la tano, mama alipovunjika mguu na mtu wa kubaki nyumbani akatakiwa. Nilikaa mlangoni nikichambua mboga, na kutoka pale unaona mengi.

Sizoni ya Elmina ilikuwa siku tisini. Ndani ya siku hizo alikuwa na kazi, kikapu, eproni ya plastiki, na chumba cha pili kutoka chetu. Zikiisha alirudisha kila kitu pamoja na ufunguo, akatoka getini. Baada ya wiki mbili alikuwa anaitwa tena, anaandikwa jina upya kana kwamba hawajawahi kumwona. Alifanya hivyo miaka kumi na saba. Baba ni pamanenti, hatoki mpaka astaafu. Mtu wa sizoni hutolewa nje ndio asije akahesabiwa wa kudumu. Hakuna aliyewahi kutuambia hivyo, lakini hata mtoto wa laini anajua.

Akitoka, alituachia sufuria yake kubwa na ule ufito. “Naenda nyumbani Nyamira,” alisema kila mara, na sisi tulimwambia asalimie watu wa Nyamira. Kumbe hakukuwa na mtu wa kusalimiwa. Mumewe alifariki kabla hawajapata mtoto, na mashemeji wa kule wakalima hadi mlangoni pake, kisha wakalima mlango. Mama ndiye aliyekuja kujua. Alimwona kwa mbali soko la Kaplong akiuza mboga za managu, akaambiwa na wauzaji wengine kwamba wiki zile mbili Elmina hulala kwenye jiko la nje la mama mmoja wa kanisani kwao, anaitwa Rodah. Mama alipita upande wa pili ili asimwone. Alipofika nyumbani alituambia, halafu akatuapisha. Kwa hivyo tuliendelea kumtuma salamu Nyamira.

Nyuma ya chumba chake alipanda vitu vya kukimbia tu: managu, dania, spinachi. Kitu ambacho hakiliki ndani ya siku tisini hakuweka kwenye udongo.

“Shemeji,” baba alimwambia siku moja, “Mkisii bila mgomba ni kama mimi bila samaki. Watu watakushuku.”

“Mgomba unataka mwaka mzima. Nikupandie wewe ule?”

“Kwani mimi nimekataa?”

Elmina alikuwa Msabato, wa wale ambao Ijumaa jua likitua hata moto hawauongezi kuni. Jumamosi hakuchuna chai. Zamani, msimamizi wao, mzee Nyakundi, alikubaliana naye kwa mdomo: Jumamosi apumzike, Jumapili yake aje achune peke yake na wengine wachache wa imani hiyo. Kila Jumamosi ililipwa na Jumapili yake. Na sizoni ilipokaribia mwisho, ambao siku zote uliwekwa Jumamosi, Elmina alirudisha kikapu na eproni Ijumaa mchana, akaaga. Hakuna aliyeona shida. Siku moja ni nini, na mtu anatoka tu?

Mwaka huu mambo yalibadilika mara moja. Kwanza zililetwa mashine nyingi za kuchunia, zile zinazobebwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, na kazi ya watu thelathini inaisha kabla ya chai ya saa nne. Kisha tukaitwa kwa mizani, pale chai inapopimwa, sisi wote wa laini, na bwana mmoja wa kutoka ofisi kubwa akasimama juu ya kreti. Alisema hii ndiyo sizoni ya mwisho. Baada ya hii, watu wa mkono hawataitwa tena. Lakini kampuni ina roho, alisema, na kati ya wale wa sizoni wataandikwa kumi na wawili pamanenti, wabaki kuchuna kule kwenye miteremko ambako mashine haifiki. Watakaoandikwa ni wenye zaidi ya miaka kumi, na ambao miaka miwili hii hawakuacha kazi katikati ya sizoni hata mara moja.

Watu waligeuka kumtazama Elmina. Nani mwingine alikuwa na miaka kumi na saba? Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake vya mpira.

Jioni hiyo alikuja kwetu na kitu kimefungwa kwenye gunia. Ilikuwa chipukizi la mgomba. Alimwomba Zack amchimbie shimo.

“Anti, hili ni shimo au kaburi?” Zack aliuliza, shimo limemfika kiunoni.

“Chimba. Mgomba haupandwi kama dania.”

Baba alitoka nje kuangalia. Hakutania. Alichukua ndoo, akaenda kwenye zizi la watu kuomba mbolea.

Mwezi ule Elmina alifanya kila jambo taratibu. Alipaka chokaa ukuta wa ndani. Alinunua kitasa kipya, ingawa kile cha kampuni kilikuwa kinafunga. Asubuhi aliendelea kuita, “Shemeji, sizoni imefika wapi?” na baba akaanza kumjibu, “Ya nani? Wewe bado una sizoni?” na wote wawili wanacheka mpaka mama anawaambia wanamwamsha mtoto wa jirani.

Orodha ilibandikwa Jumanne, zimebaki siku kumi na moja. Nilienda naye kwa sababu herufi ndogo zilimsumbua macho. Nilisoma kutoka juu kwenda chini. Nikarudia kutoka chini kwenda juu. Yalikuwa majina kumi na mawili, na yake halikuwepo.

“Pengine wameandika lile la baba yangu,” alisema. “Soma Orina.”

Hakukuwa na Orina.

Tuliingia kwa karani, Lazarus. Ni mtu wa nyumbani kwetu, anasali na baba, na si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alimpa Elmina kiti chake mwenyewe, akafungua kompyuta.

“Mama, mimi sikukukata,” alisema. “Ni siku zenyewe. Kila sizoni yako hapa inasema themanini na tisa. Kompyuta inaandika uliacha kazi kabla ya mwisho. Mara saba kwa miaka miwili.”

“Niliacha?”

“Ndivyo inavyosema.”

“Na Jumapili zangu?”

“Zote ziko. Kila Jumamosi nimeiona na Jumapili yake. Lakini ile Jumamosi ya mwisho,” alisugua macho, “ile haina Jumapili. Sizoni inakuwa imeisha. Hakuna mahali pa kuilipia.”

“Nyakundi alijua.”

“Nyakundi alistaafu, mama, na hakuandika popote. Nilipiga simu Nairobi jana na leo asubuhi. Wanasema mfumo ndio umechagua.”

Elmina alibaki kwenye kile kiti. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda gari. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia kalenda.

Ijumaa hiyo Lazarus alimwita tena. Mmoja kati ya wale kumi na wawili alikuwa amepata kazi kwenye mashamba ya maua huko Naivasha na ameikataa nafasi. Nafasi imerudi. Wamesema apewe mtu wa miaka mingi zaidi, bora tu amalize sizoni hii nzima, siku tisini, mashine ya kidole, ile wachunaji huwekea alama ya kufika kazini, ishuhudie.

“Ni wewe, mama. Hakuna mwingine karibu yako,” Lazarus alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta zawadi. “Jumamosi ya wiki ijayo, njoo uweke kidole. Huchuni hata jani. Hubebi kikapu. Kidole tu. Mashine iko wazi tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni.”

“Jua linatua saa kumi na mbili na nusu.”

“Najua.”

“Ikae wazi mpaka hapo. Nitakuja nakimbia.”

“Inajifunga yenyewe. Saa yake wameiweka huko Nairobi. Mimi hata ufunguo wake sina.”

Masaa mawili na nusu. Nilitembea nyuma ya Elmina kurudi laini nikiyafikiria hayo masaa. Ni muda wa kuchemsha maharagwe. Zack huumaliza kwa mechi moja na kuibishania.

Wiki hiyo kila mtu alimshauri. Alikuja kukaa kwetu jioni, na chai ikawa inapoa mikononi mwake.

“Kidole si kazi, shemeji,” baba alisema. “Ni kama kubisha hodi. Sabato mtu habishi hodi?”

“Nilijiambia hivyo tangu Ijumaa. Lakini nabisha hodi nikitaka nini? Kazi. Si hiyo ndiyo kazi yenyewe?”

“Mungu anaelewa,” mama akasema.

“Anaelewa, Jerusa. Hapo ndipo pananiuma. Angekuwa haelewi ningemdanganya.”

“Kwani wale wazee wa kanisa lenu wanasemaje?”

“Mmoja ameniambia niende, mwingine ameniambia nisiende. Wa tatu ameniambia tutaomba.”

Zack alikuwa kwenye mlango na simu yake. “Anti, si utukopeshe hicho kidole tu. Adongo akupelekee, akurudishie jioni.”

Elmina ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka mpaka chai ikamwagika, akakinyoosha kidole gumba chake, cheusi kwa utomvu wa chai ya miaka yote hiyo, akakiweka mkononi mwangu. “Haya, Adongo, peleka.” Kilikuwa kigumu na kina joto. Nilikishika. Baada ya hapo aliondoa mkono wake polepole.

Kesho yake nilienda kwa Lazarus peke yangu. Mimi si mtu wa kuongea, na njiani nilipanga maneno, lakini nilipofika yalikuwa yamekwisha. Nilisema tu, “Mwandikie wewe.”

“Ningeweza ningekuwa nimeandika.” Akanisogezea kile kimashine mezani, kina taa ndogo ya kijani. “Jaribu.”

Niliweka kidole changu. Taa ikawa nyekundu. Sijui nilitegemea nini.

“Unaona?” Lazarus akasema. “Hata mimi inanikataa nikiwa na jasho.”

Ijumaa asubuhi ufito uligongwa mlangoni mara tatu kama kawaida. Baba alikuwa nje na mswaki wake. Alingoja. Elmina alitoka, akapita na kikapu mgongoni bila kuita, na baba akabaki ameshika mswaki, povu linamtiririka kwenye kidevu. Ilikuwa imebaki siku moja, na hiyo hakuna aliyetaka kuitaja.

Mchana hakurudisha kikapu. Tuliona hivyo, tukaanza kuambiana kwa macho: hajarudisha kikapu. Mama aliimba akifua. Jioni, kabla ya jua kutua, Elmina aliufagia uwanja wake, akaumwagilia mgomba, ambao sasa ulikuwa na majani matatu, akafunga mlango. Ndani nilisikia anaimba zile nyimbo zao za kuipokea Sabato. Sauti yake ilikuwa ile ile.

Jumamosi niliamka mapema nikaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi. Sikutumwa. Njia ya kutoka laini kwenda kanisani kwao inapita hapo, hatua kama kumi tu kutoka mlango wa Lazarus. Mtu akienda kanisani anapita hapo, na mtu akienda kuweka kidole anafika hapo. Nilifikiri kwamba labda akiniona atasita kidogo, akae, na akishakaa mlango uko karibu.

Alikuja saa mbili. Gauni la kijani, kitambaa cheupe kichwani, mkoba wa Biblia begani. Mkoba ulikuwa umevimba kuliko Sabato nyingine, na pembeni kulitokeza pindo la blanketi. Niliona hilo pindo. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema kitu.

Alisimama mbele ya ofisi. Lazarus alitokea mlangoni, akamwona, akarudi ndani. Hakumwita. Aliigeuza tu mashine pale mezani ili taa itazame nje, kama mtu anavyogeuza kiti kumkaribisha mgeni, akaenda kusimama kwenye kona ya chumba, mikono nyuma.

“Adongo,” Elmina akaniambia. “Umeamka mapema.”

“Ndio, anti.”

“Sizoni imefika wapi?”

Aliniuliza mimi. Hakuwahi kuniuliza. Nilitafuta jibu la baba, lile la kuchekesha, sikulipata.

“Imebaki mpaka saa kumi,” nilisema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei. Aliitazama ile taa ya kijani kwa muda. Alikunja kidole gumba ndani ya ngumi, akakikunjua, akakifuta kwenye gauni, ingawa utomvu wa chai haufutiki, hata kwa sabuni hautoki. Hatua moja aliipiga. Sitasema ilielekea ofisini, kwa sababu njia pale inapinda kidogo, lakini Lazarus na mimi sote tulisimama.

“Kikapu kiko mlangoni, eproni iko ndani yake,” akasema, na sikujua anamwambia nani kati yetu. “Ufito mpe baba yako. Ajichunie spinachi.”

Halafu akapita.

Nilitaka kumwita, na jina lilikuwa hapa mdomoni, lakini ningemwita nimwambie nini? Kwamba arudi kwa mashine? Kwamba asirudi? Nilimtazama akishuka njia ya mtoni, polepole, akishika mkoba usimpige kiunoni, mpaka kile kitambaa cheupe kikaingia kwenye migomba ya watu ng'ambo.

Kanisani alifika. Rodah anasema waliketi benchi moja, akaimba, akampa mkono, na wimbo wa kufunga ulipoanza alitoka kama mtu anayekwenda haja. Jikoni kwa Rodah hakulala siku hiyo, wala siku nyingine. Nyamira baba alituma mtu, na kule wakashangaa kwamba kuna anayemwulizia. Alikokwenda, hatujui mpaka leo.

Lakini hayo tuliyajua baadaye. Siku ile nilibaki kwenye benchi. Saa kumi mashine ilitoa mlio mmoja mfupi ikazima taa, na Lazarus akafunga ofisi, akasimama karibu yangu kidogo, akaenda. Mimi niliendelea kukaa, naangalia ile njia ya mtoni, mpaka saa kumi na mbili na nusu jua likaingia nyuma ya chai, kwa sababu hiyo ndiyo saa aliyosema atakuja anakimbia.